Mtandao si intaneti: Neno moja lililozifungia shule mlango

Lugha ni ufunguo, lakini yaweza pia kuwa kufuli. Neno likikosa mipaka, msemaji na msikilizaji huweza kuagana kila mmoja akiwa na maana yake kichwani, na wote wawili wakadhani wameelewana. Sisi wanaisimu hali hii ya neno moja kubeba maana kadha zinazohusiana huiita polisemia. Aghalabu haina madhara. Kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha gari moshi havigombani, kwa kuwa muktadha huamua. Hata hivyo, lipo neno moja ambalo, kwa maoni yangu, wingi wa maana zake umeanza kuzigharimu shule zetu fedha na kuwagharimu wanafunzi wetu muda. Neno lenyewe ni mtandao.

Msikilize abiria aliyepanda matatu mjini Ruiru akielekea Thika. Mazungumzo yake ya simu yakikatika karibu na Juja, atasema mtandao umepotea. Hapo amekusudia mawimbi ya kampuni ya simu. Jirani yake anayemwonyesha mwenziwe picha atasema ameitoa mtandaoni, na huyo amekusudia intaneti, ule mfumo mkubwa uliouzunguka ulimwengu mzima. Naye fundi aliyeketi kiti cha nyuma, akiwa na bunda la kebo mapajani, akisema anakwenda kuweka mtandao katika ofisi fulani, amekusudia jambo la tatu kabisa: kuziunganisha kompyuta za ofisi hiyo zenyewe kwa zenyewe. Watu hao watatu wametumia neno lilelile kwa vitu vitatu, na hakuna aliyekosea Kiswahili.

Ndani ya matatu, tofauti hiyo haimdhuru yeyote. Ndani ya shule mambo ni mengine. Wakati mmoja nilialikwa na shule moja ya upili nje kidogo ya Ruiru kuwa mwamuzi wa mjadala wa Kiswahili. Kabla ya mjadala kuanza, mwalimu mkuu alinitembeza hadi maabara ya kompyuta. Nilizikuta kompyuta 20, nyingi zikiwa nzima, kila moja imekaa kivyake kama mgeni asiyejuana na jirani. Mwanafunzi aliyetaka kuchapisha kazi yake aliibeba kwenye flashi hadi kwa kompyuta moja tu iliyounganishwa na printa, na flashi hizo hizo zikawa ndizo zinazotembeza virusi kutoka mashine moja hadi nyingine. Nilipouliza kwa nini mashine hazijaunganishwa, mwalimu mkuu alinijibu kwa masikitiko: "Daktari, tulitaka sana mtandao, lakini tuliambiwa gharama yake ya kila mwezi, na bodi ikasema tungoje."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mwalimu mkuu hakuwa mvivu wala hakukosa maono. Yeye aliuliza kuhusu mtandao, na muuzaji akamjibu kuhusu intaneti. Kwa kuwa lugha iliwapa neno moja la vitu viwili, wala mmoja wao hakugundua kwamba hawazungumzi jambo moja. Shule ikaendelea kungoja kitu cha kulipiwa kila mwezi, ilhali kitu ilichokihitaji hulipiwa mara moja tu.

Basi na tuuweke msingi. Mtandao wa kompyuta ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipashane habari na kutumia vifaa kwa pamoja. Hilo tu. Ukiziunganisha kompyuta mbili zilizo juu ya meza moja, umekwisha kuunda mtandao. Mtandao ulio ndani ya chumba kimoja, jengo moja au ua mmoja wa shule tunaweza kuuita mtandao wa ndani. Intaneti ni jambo la baadaye: ni mitandao mingi mno ya aina hiyo iliyounganishwa duniani kote. Kwa hivyo intaneti haiwezi kuwapo bila mitandao, lakini mtandao waweza kuishi miaka na mikaka bila intaneti. Barabara za ndani za mji wa Thika zingekuwapo na kutumika hata kama barabara kuu ya kwenda Nairobi haingejengwa kamwe.

Historia nayo yathibitisha hayo. Mnamo Mei 1973, mtafiti Robert Metcalfe, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, aliandika waraka wa kueleza namna ya kuziunganisha kompyuta za jengo moja kwa kebo. Yeye na mwenzake David Boggs waliunda mfumo uliosafirisha biti milioni 2.94 kwa sekunde. Haja yao haikuwa kuzungumza na ulimwengu. Walitaka kompyuta za jengo lao ziweze kuwasiliana na kutumia printa moja kwa pamoja, haja ileile niliyoikuta Ruiru. Metcalfe aliuita mfumo huo Ethernet, kutokana na neno etha, ile hewa ya kuwaziwa ambayo wanafizikia wa kale walidhani ndiyo inayobeba mwanga. Etha yenyewe ilikwisha kukanushwa na sayansi, lakini jina lake lingali hai katika kila tundu la kebo nyuma ya kompyuta zetu. Huo ni mfano mzuri wa neno kuishi muda mrefu kuliko wazo lililolizaa.

Neno letu mtandao lina ukoo wake pia, na ukoo huo wafaa kufundishwa darasani. Limetokana na mzizi uleule wa vitenzi tanda na tandaa. Mzizi huo umetupa utando wa buibui, na ndio uliowapa wafumaji neno mtande, yaani nyuzi zinazonyoshwa kwa urefu kabla nguo haijafumwa. Nyuzi zinazopita katikati yake kwa upana ni mshindio. Wakazi wa Thika, mji wenye viwanda vya nguo tangu miaka ya kabla ya Uhuru, hawahitaji kuelezwa zaidi. Nguo hupata nguvu kwa kuwa kila uzi umeshikana na mwingine. Mwanafunzi akiijua asili hiyo, hatahitaji kukariri maana ya mtandao, kwa sababu neno lenyewe lamwambia kwamba ni vitu vilivyotandazwa na kushikana. Hakuna popote katika asili hiyo panapotajwa ada ya kila mwezi.

Nilibahatika kushuhudia upande wa pili wa shilingi katika shule nyingine, hii ikiwa Thika, ambako mwalimu wa somo la Kompyuta na mwalimu wa Kiswahili walishirikiana na chama cha wanafunzi kuunganisha maabara yao Jumamosi moja. Fundi alikuwapo kuwasimamia. Mimi nilikwenda kusikiliza maneno, lakini niliondoka nikiwa nimejifunza kazi. Naomba msomaji aniruhusu niifuate hatua kwa hatua, maana kila hatua ina neno lake, na kila neno likishikanishwa na kitu halisi halisahauliki.

La kwanza ni kebo. Kebo ya mtandao ina nyaya nane nyembamba za shaba, zilizosokotwa mbili mbili na kufanya jozi nne. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini zisokotwe badala ya kulazwa sambamba. Swali hilo ni la thamani. Waya unaopitisha ishara hushika pia kelele za umeme kutoka kwa nyaya zilizo jirani. Nyaya mbili zikisokotwa, kelele huzigusa zote mbili kwa kiasi karibu sawa, na kifaa kinachopokea hulinganisha waya mmoja na mwenzake na kuifuta ile kelele iliyo sawa katika zote mbili. Wazo hili si geni: Alexander Graham Bell alilipatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Kwa sababu iyo hiyo, kebo ya mtandao haifai kulazwa ubavuni mwa waya wa stima kwa masafa marefu.

Fundi aliwaonya wanafunzi juu ya kebo za bei ya chini ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Hizo hukatika upesi na hudhoofisha ishara. Kebo ya shaba halisi ya daraja la Cat5e au Cat6 huuzwa kwa boksi la mita 305. Jambo la kukumbuka ni kwamba urefu wa kebo moja kutoka kifaa hadi kifaa usizidi mita 100. Maabara ya kawaida haifiki hapo, ila mtu anayetaka kuifikisha kebo kutoka maabara hadi ofisi ya mwalimu mkuu yafaa apime kwanza.

La pili ni plagi, ambayo mafundi huiita RJ45. Kila ncha ya kebo huvuliwa ngozi, nyaya nane zikapangwa kwa rangi, zikaingizwa katika plagi na kubanwa kwa koleo maalumu. Mpangilio uliotumika siku hiyo, ambao ndio unaotumika sana, huanzia kushoto hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili alipopata somo lake. Mbona kijani kitenganishwe na mwenzake nyeupe-kijani, huku jozi ya buluu ikiwekwa katikati? Mbona tusizipange tu jozi moja baada ya nyingine, maadamu ncha zote mbili zitafanana?

Jibu ni kwamba vifaa vyenyewe vimekwisha kukubaliana kuwa waya wa 1 na wa 2 ni jozi, wa 3 na wa 6 ni jozi, wa 4 na wa 5 ni jozi, na wa 7 na wa 8 ni jozi. Mtu akijipangia mpangilio wake, kebo fupi yaweza kuonekana inafanya kazi, lakini nyaya zitakazobeba ishara moja hazitakuwa zile zilizosokotwa pamoja, na kelele zitaingia. Mkataba wa namna hiyo ndio tunaouita itifaki. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mapatano. Wanadiplomasia wana itifaki zao za nani asalimiwe kwanza. Kompyuta nazo zina itifaki za nani aseme lini, kwa kasi gani, na afanye nini ujumbe ukipotea njiani. Hata sarufi, ukiitazama vizuri, ni itifaki baina ya wasemaji wa lugha. Mtu akisema "kitabu wangu imepotea" twaweza kumwelewa akiwa karibu na sentensi ikiwa fupi. Maelezo yakiwa marefu, kelele huzidi na maana hupotea.

La tatu ni swichi. Hapa tena lugha yatutega, kwa kuwa Mkenya akisikia swichi huwaza ile ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu mengi, 8, 16, 24 au zaidi, ambamo kebo zote za maabara hukutania. Kila kompyuta ina kebo yake hadi kwa swichi, hivyo ukizichora kebo hizo karatasini hupata umbo la nyota. Faida ya umbo hilo ni kwamba kebo moja ikikatika, kompyuta moja tu ndiyo inayotengwa. Katika mitandao ya zamani, ambapo kompyuta zote zilining'inia juu ya kebo moja ndefu, mkato wa mahali pamoja uliwanyamazisha wote.

Swichi hufanya kazi ya karani hodari wa posta. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani ikiwa na nambari yake ya utambulisho, iitwayo anwani ya MAC. Swichi hutazama nambari hizo na kukumbuka ni ipi iliyo katika tundu lipi. Ujumbe wa kompyuta ya tatu kwenda kwa ya tisa hupelekwa kwa ya tisa peke yake. Kabla ya swichi kuenea, shule na ofisi zilitumia kifaa kiitwacho habu, ambacho kila kilichosikia kilikitangaza kwa wote, nao waliohusika wakachukua na wasiohusika wakapuuza. Kompyuta zikiongezeka, zogo lilikuwa kama la stendi ya matatu siku ya soko.

La nne ni anwani ya IP, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Waonapo 192.168.1.25 hudhani ni hesabu ya ajabu. Mwalimu yule wa Kompyuta aliwaeleza kwa sanduku la posta, nami sijasikia maelezo bora. Barua ya kuja Thika huandikwa nambari ya sanduku pamoja na msimbo 01000. Ya kwenda Ruiru huandikwa nambari ya sanduku na msimbo 00232. Msimbo wasema ni posta ipi, na nambari ya sanduku yasema ni nani ndani ya posta hiyo. Anwani ya IP ina sehemu hizo mbili katika mfululizo mmoja. Katika mtandao ule wa Thika, 192.168.1 ilikuwa kama msimbo wa posta, na tarakimu ya mwisho ilikuwa sanduku la kompyuta moja moja.

Kompyuta yajuaje mahali msimbo unapokomea na sanduku linapoanzia? Huambiwa kwa mfululizo mwingine ambao mafundi huuita maski, nao kwa mtandao huo ulikuwa 255.255.255.0. Kila palipo na 255 ni sehemu ya msimbo, na palipo na 0 ni sehemu ya sanduku. Kwa mpangilio huo kuna nafasi za vifaa 254, yaani kuanzia 1 hadi 254, kwa kuwa 0 ni jina la mtandao wenyewe na 255 hutumika kuwatangazia wote kwa pamoja. Anwani zinazoanza kwa 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Shule ya Ruiru na shule ya Thika zaweza kutumia anwani zilezile bila kugongana, wala hakuna anayeombwa kibali au malipo. Kompyuta zaweza kuandikiwa anwani kwa mkono, mradi mbili zisipewe moja, au kifaa kimoja kikapewa kazi ya kuzigawa. Huduma hiyo ya ugawaji huitwa DHCP.

Kebo zote zilipokwisha kuchomekwa, msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika neno ping katika kompyuta ya kwanza, akaongeza anwani ya kompyuta ya kumi na tatu, akabonyeza kitufe. Amri hiyo ni sawa na kubisha hodi. Jibu lilirudi katika muda usiofika hata milisekunde moja. Chumba kizima kikashangilia. Hapakuwa na intaneti ndani ya jengo lile. Hapakuwa na mtu aliyenunua bando. Mtandao ulikuwapo.

Msomaji atauliza: mtandao wa namna hiyo wafaa nini? Kwanza, printa moja hutumiwa na kompyuta zote, na ile foleni ya flashi hukoma. Pili, kompyuta moja yaweza kuteuliwa kuwa seva, yaani mhudumu anayehifadhi kazi na kuwapa wengine wanapoomba. Mwanafunzi huikuta insha yake hata akikalia mashine nyingine. Tatu, na hili ndilo kubwa, seva hiyo yaweza kuwekwa maktaba. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix inayoweza kuhifadhi nakala ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, ikasomwa bila intaneti. Ipo pia Kolibri, iliyoundwa mahususi kwa shule zisizo na intaneti, yenye masomo, video na mazoezi. Nakala hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti, ikaletwa shuleni kwenye diski.

Kasi nayo haina mzaha. Swichi za kawaida za siku hizi hupitisha biti milioni 1,000 kwa sekunde katika kila tundu. Faili ya video ya megabaiti 700 kwa hesabu ya karatasini huchukua sekunde zisizozidi 6 kutoka seva hadi kompyuta ya mwanafunzi, ingawa diski yenyewe yaweza kuichelewesha. Ni shule chache mno zenye intaneti inayofikia mwendo huo.

Wala serikali yenyewe haikuwa mgeni wa wazo hili. Mpango wa elimu ya kidijitali katika shule za msingi ulipoanza kusambaza vifaa mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hapo Juja kikiwa miongoni mwa waliokabidhiwa kazi hiyo, tabiti za wanafunzi ziliandamana na seva ya masomo na ruta ya kutumia mawimbi. Yaani kila shule ililetewa mtandao wa ndani, uwe na intaneti au usiwe nayo. Nimewasikia walimu wakisema kisanduku hicho hakina kazi hadi mtandao uje. Kisanduku hicho ndicho mtandao wenyewe.

Nimelitaja neno ruta, nalo lastahili maelezo. Swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja, na ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine. Kompyuta ikiona kwamba anwani inayotafutwa haina msimbo wa posta yake, huupeleka ujumbe kwa ruta, na anwani ya ruta hiyo huitwa lango. Shule ikipata uwezo wa kulipia intaneti, kinachoongezwa ni ruta hiyo moja tu langoni, na maabara nzima hufunguka siku iyo hiyo. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo faiba imesogea karibu na miji yetu. Lakini faiba ikifika kwenye ua wa shule ambayo ndani hamna mtandao, huishia kuhudumia kompyuta ya ofisi peke yake.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nishikilie nyaya katika zama za mawimbi. Sina ugomvi na mawimbi. Kwa simu na tabiti hayana mshindani. Lakini katika chumba chenye kompyuta 20 zisizohama, mawimbi hugawanywa na wote kwa zamu na hudhoofishwa na kuta za mawe, ilhali kila waya ni njia ya mwenyewe. Nyaya zina taabu zake pia. Panya huzitafuna, miguu huzikwaa zisipofunikwa kwa mifereji ya plastiki, na radi yaweza kupitia kebo ya shaba iliyovuka kutoka jengo moja hadi jingine ikaua vifaa. Baina ya majengo ni heri kutumia faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Sasa nirudi katika uwanja wangu. Kiswahili hakijakosa wahunzi wa istilahi. Tumeona tarakilishi na ngamizi zikishindana na kompyuta, na mdahalishi likishindana na intaneti. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka menyu hadi maonyo. Juhudi hizo naziheshimu. Hata hivyo, naona tumeshughulika zaidi na sura ya maneno, kama ni ya Kibantu au ya kukopa, kuliko mipaka ya maana zake. Sina tatizo na swichi, ruta na seva. Ni maneno ya kukopa, lakini kila moja lina kitu kimoja linachokitaja. Neno linalonitia wasiwasi ni hili mtandao, letu la asili, tamu, ambalo tumelitwika mizigo mitatu.

Pendekezo langu si zito. Katika darasa, katika vitabu, na katika barua za kuomba bei kutoka kwa wauzaji, mtandao litumike kwa vifaa vilivyounganishwa. Intaneti, au mdahalishi kwa wanaolipenda, liachiwe ule mfumo wa dunia. Na simu ikikatika, tuseme mawimbi yamepotea. Najua fika kwamba lugha haiendeshwi kwa amri. Abiria wa matatu ataendelea kusema atakavyo, na ana haki. Lakini daktari husema homa kwa namna moja akiwa nyumbani na kwa namna nyingine akiwa wodini, wala hatumwoni ameiharibu lugha. Kila taaluma huhitaji pahali ambapo maneno yake yana mipaka.

Kuna mwalimu aliyenipinga akisema kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa mtihani wa somo la Kompyuta huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba katika mfumo wa 8-4-4 mada ya mitandao iliwekwa kidato cha nne, na wengi waliikariri kwa Kiingereza bila kuigusa kebo hata moja. Lakini mwanafunzi aliyeelewa sanduku la posta hatashindwa na maski kwa lugha yoyote. Tena shule haiendeshwi na wanaofanya mtihani pekee. Bodi, wazazi, bohari na mlinzi wa usiku wote hukaa kuamua mambo ya maabara, na wengi wao huamua kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Yatupasa kukipa kazi inayolingana na cheo hicho.

Kwa walimu, basi, nina ombi moja la wiki hii. Ingieni maabara, mtazame nyuma ya kompyuta, mhesabu matundu ya kebo yaliyo wazi. Kisha andikeni ombi la bei kwa maneno haya: tunataka kuunganisha kompyuta zetu kwa kebo za shaba na swichi moja, bila intaneti. Muuzaji akianza kutaja malipo ya kila mwezi, mtajua kwamba hajawajibu mliloliuliza. Nanyi wanafunzi, msiogope kuuliza neno lina maana gani mbele ya mtu yeyote, awe fundi au profesa. Kuuliza si ujinga, na kule Ruiru swali moja lingetosha kuziunganisha kompyuta 20.